Namba ya Ufaransa

Kila Ijumaa baada ya sala, Lahbib alimpigia mama yake simu kutoka Ufaransa. Ila huko Ufaransa penyewe hajawahi kutia mguu.

Usimhukumu mapema, ngoja kwanza nikupe habari yake. Alikuwa hapahapa Moroko, mjini Casablanca, mtaa wa Sidi Maarouf, ghorofa ya sita ya jengo la vioo lisilofunguka dirisha hata moja. Kutoka hapo mpaka kwao Jerada ni safari ya siku moja ya treni, halafu teksi kutoka Oujda. Mtu anaondoka asubuhi, magharibi yuko kwao. Wanajeshi wanakwenda na kurudi kwa likizo fupi. Wanafunzi wanakwenda kufuliwa nguo na mama zao. Lahbib alikuwa na miaka mitatu hajakanyaga.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza shida za watu wa mbali. Mfaransa intaneti yake ikigoma, anapiga simu akidhani anapokelewa na kijana wa Lille, kumbe anayempokea ni Lahbib mwana wa Mimouna, hedfoni kichwani, na jina la kuazima juu yake: Julien Marchand. Ukumbi mzima ulikuwa hivyo. Tarik wa Salé aliitwa Sébastien. Binti mmoja wa Meknès, ushungi wake safi kichwani, aliitwa Sophie. Kompyuta zilikuwa zimeingia nchini kwa kishindo miaka ile, majengo ya vioo yanapanda kila mwezi, na kila kijana aliyenyoosha Kifaransa alijua kuna kiti kinamngoja mahali fulani, mradi jina lake aliache mlangoni.

Simu zenyewe zilipitia ndani ya kompyuta, na kompyuta ndiyo iliyoamua simu imetoka wapi. Ukipiga kutoka meza za pale, kwa unayempigia inatokea namba ya Lille, thelathini na tatu ya Ufaransa mbele, huwezi kuitilia shaka. Mashine inadanganya bila kupepesa macho. Basi wakati wa mapumziko, wenzake wakishuka kuvuta sigara, Lahbib alijifungia kwenye chumba cha mafunzo, akabonyeza namba ya mama yake, na kule Jerada simu ikalia kwa namba ya Ufaransa.

Mimouna hakuipokea upesi. Kwanza aliinyanyua juu wanawake waione.

"Tazameni wenyewe! Thelathini na tatu! Msije mkasema Mimouna kaota."

Alifanya hivyo popote simu ilipomkuta, hata kwenye tanuri la mtaa, sinia ya mikate kichwani. Jirani yake Khadouj, ambaye wanawe wako Oujda hapo wanauza petroli ya magendo, alikuwa akibinua mdomo na kusema, "Tumeiona, dada, tumeiona. Pokea basi, isikatike."

Ilianzaje? Ilianza na bangili. Mimouna, mjane, alivua bangili zake za harusi ili mwanawe apate nafasi kwenye boti ya kuvukia bahari kwenda Ulaya. Jamaa wa Nador aliyepokea nauli akawaacha abiria wake ufukweni na mabegi yao mpaka jua likachomoza. Boti haikuja, na jamaa naye hakuonekana tena. Lahbib akakaa juu ya begi lake akiwaza atamwambia nini mama, na mkono wake ule mtupu. Hakuweza kurudi. Akapanda basi la upande mwingine, Casablanca, na huko akakuta tangazo: wanatakiwa vijana wenye Kifaransa safi. Kifaransa alikuwa nacho. Marehemu baba yake alikuwa mkalimani wa wahandisi mgodini, na alimfunza kwa magazeti makuukuu.

Siku aliyokabidhiwa meza, akajiiba ampigie mama amweleze ukweli wote. Wallahi ndiyo ilikuwa nia yake. Lakini Mimouna alikuwa hana habari zake kwa wiki nyingi, na kila boti iliyotajwa kuzama kwenye taarifa ya habari alizama nayo. Akaiona ile namba. Kabla Lahbib hajafungua kinywa, vigelegele vya mama yake vikampasua sikio, na nyuma yake wanawake wa mtaa wanaitikia.

"Amefika! Mwanangu amefika!"

Sasa wewe ungesema nini? Lahbib akasema, "Nimefika, mama."

Angesema kweli papo hapo, aibu ingekuwa ya siku moja. Lakini uongo ule aliulisha kila Ijumaa, ukanenepa, mpaka ukajaa mlangoni na yeye akakosa pa kupita.

Na mahali penyewe palimsaidia kudanganya. Ukutani mbele yao kulikuwa na skrini kubwa inayoonyesha hali ya hewa ya Lille, ili mteja akisema "mvua gani hii leo," wao wajibu "acha tu, bwana, nimelowa." Msimamizi wao, Ghizlane, mwanamke mkavu mwenye sauti ya chini, aliwafunza hata kuguna Kifaransa. Inshallah ilipigwa marufuku. Alhamdulillahi, marufuku. Lakini lililowatesa kuliko yote lilikuwa chafya. Mteja akipiga chafya, ulimi wa mtu wa kwetu unakimbia wenyewe na yarhamukallah yake, Mungu akurehemu, huuwahi. Kwa hiyo wakati wa mafunzo Ghizlane alizunguka nyuma ya viti vyao akijipigisha chafya za uongo, na atakayefungua kinywa kuomba dua anaanza somo upya. Tarik alianza upya mpaka akataka kulia. Lahbib alijifunza upesi. Alijifunza vizuri mno.

Ijumaa ninayoisimulia ilikuwa karibu na Idi Kubwa. Lahbib akajifungia kwenye chumba chake kilekile, akapiga.

"Mama, habari za huko?"

"Habari ziko kwako. Baridi?"

Akachungulia skrini ya kompyuta. "Mvua, mama. Tangu jana haijakata."

"Maskini mwanangu. Sweta umevaa?"

"Nimevaa." Nje ya kioo jua la Casablanca lilikuwa linawaka, naye kakunja mikono ya shati.

Mimouna akapiga chafya. Ni mtu wa chafya huyo. Mgodi wa makaa Jerada ulifungwa, lakini vumbi lake hakuna aliyelifunga, linaingia mpaka kwenye unga. "Alhamdulillahi," akasema, halafu akangoja. Akapumua kwa nguvu. "Hata chafya yangu huiombei siku hizi. Wamekukata ulimi huko?"

"Kazi imenizoesha vibaya, mama. Nisamehe."

"Nitakusamehe ukija. Mwaka huu njoo."

"Mama, likizo huku..."

"Likizo, likizo! Hao Wafaransa wenyewe hawakuzaliwa na mama? Idi tatu mimi nachinjiwa kondoo na mtoto wa Khadouj. Anachinja, anachukua ini lake, anakwenda zake. Mimi nabaki na mnyama mzima. Fungu lako nalitia chumvi, nalikausha, nalitundika. La mwaka juzi liko hapa, la mwaka jana liko hapa, nani ale? Mimi na paka?"

Lahbib alikuwa kafumba macho. Ule mfuko wa nyama kavu aliuona, juu ya mlango wa jikoni, na harufu yake ya bizari akaisikia puani kabisa.

"Nina hamu nawe, Lahbib," mama akasema, na sauti imeshuka. "Sioni haya kusema. Nina hamu mpaka nanusa mto wako. Mwaka huu sichinji mpaka uje wewe ushike kisu. Usipokuja, huyu kondoo nitazeeka naye humu ndani, na Khadouj acheke mpaka ashibe."

"Nitaona, mama."

"Ona haraka."

Akarudi kwenye meza yake macho mekundu. Tarik, meza ya pili, akamuuliza kuna nini, akamweleza. Tarik ndiye peke yake aliyeijua siri ile.

"Sasa tatizo liko wapi?" akasema Tarik. "Nenda sokoni Derb Ghallef, nunua chokoleti, manukato, shati lenye mamba kifuani. Shuka kwenye teksi na miwani myeusi. Nani atajua?"

"Akiniambia nirudi na binamu yangu nimtafutie kazi?"

Tarik akakuna kidevu. "Hapo hata Sébastien kashindwa, bwana."

Lahbib hakucheka. Ile njia ya miwani myeusi alishaiwaza mwenyewe siku nyingi. Kulikuwa na kitu kingine kilichomzuia: akienda kama mtu wa Ufaransa, mama atamkumbatia Julien. Yeye alitaka akumbatiwe yeye. Kwa hilo sharti aseme, na kusema ndiko kulikomshinda.

Taa ya simu ikawaka. Akaweka hedfoni sawa, akatabasamu kama walivyofunzwa, maana ati tabasamu husikika. Kwenye skrini likatokea jina la mteja: Belaid Oumouss, wa Douai, kaskazini ya Ufaransa. Sheria ilikuwa wazi. Hata jina liwe la babu yako, ni Kifaransa mwanzo mpaka mwisho.

"Habari ya mchana, bwana. Hapa ni Julien. Nikusaidie nini?"

"Nisaidie hiki kisanduku chenu cha intaneti, Julien!" Kifaransa cha mzee kilikuwa cha mgodini, kimevunjika hapa na pale na kuungwa kwa matusi. "Taa nyekundu! Leo Ijumaa, Julien. Mke wangu anakaa mbele ya kompyuta ya mpwa wangu, huko nyumbani Moroko, Taroudant, sahani yake mbele yake. Mimi huku sahani yangu mbele yangu. Kila Ijumaa tunakula pamoja hivyo, tunatazamana. Leo kisanduku chako kimeninunia. Kuskusi inapoa!"

"Tutakirekebisha sasa hivi, bwana. Naomba uchomoe waya wa umeme."

"Uko chini ya kitanda."

"Taratibu, bwana, sina haraka."

Akamsikia mzee anapiga magoti akiguna, akilaani mguu wake, akisukuma masanduku. Chini ya kitanda cha mwanamume anayeishi peke yake unajua mwenyewe kuna nini. Vumbi likampanda. Mzee akapiga chafya, chafya kubwa ya mtu wa shambani.

"Alhamdulillah," akasema mzee, hamwambii mtu yeyote.

"Yarhamukallah, ami," akasema Julien Marchand wa Lille.

Lo! Ikamtoka nzima, na hiyo ami juu yake. Labda ni chafya ya mama ambayo hakuiombea, ilikuwa imemkwama kooni tangu mapumziko. Kule Douai masanduku yakaacha kusukumwa. Meza ya mbele, kule kwenye kioo, Ghizlane akainua kichwa. Taa ndogo ya kurekodi ilikuwa inawaka.

"Ati umesema nini?" Mzee kaacha Kifaransa, sasa ni Kiarabu cha kwao, Kiarabu cha kusini ya Moroko.

"Bwana, kuhusu waya wa..."

"Wee! Waya achana nao. Umenijibu chafya. Miaka yote niliyokaa huku, nikipiga chafya humu chumbani najijibu mwenyewe. Wewe ni mtoto wa nani? Uko wapi?"

Jibu la swali hilo lilikuwa limebandikwa kila meza: Niko Lille, bwana. Lahbib alilitazama. Maneno yenyewe mepesi, alishayasema mara zisizo na idadi. Akatazama na ile taa.

"Casablanca, ami."

"Sema tena."

"Casablanca."

"Loo," mzee akasema polepole. "Casablanca. Kuna jua?"

"Jua kali."

"Mimi huku nina mvua mpaka ndani ya mifupa. Wanipa haki zangu za uzeeni kwa sharti nikae hapahapa, nikizidisha siku nyumbani wananikatia. Basi nakaa. Nimezeeka nikimtazama mke wangu kwenye kioo." Akakohoa. "Wewe Idi unakwenda kwenu, lakini. Kwenu wapi?"

"Jerada."

"Mama yupo?"

"Yupo."

"Basi atakuona wiki ijayo. Bahati yake."

Lahbib akaanza kuuzungusha waya wa hedfoni kidoleni.

"Mbona umenyamaza? Mmegombana?"

"Hajui niko hapa, ami. Anadhani niko huko kwenu."

Mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akaacha, na alipoacha alikuwa amekasirika.

"Punda wewe! Mimi nimezuiwa na bahari, nimezuiwa na karatasi, na mguu huu mbovu. Wewe una nini kinachokuzuia?"

"Aibu."

"Aibu!" Mzee alipiga kelele mpaka Tarik akageuka. "Miaka arobaini mke wangu namdanganya kwamba huku naishi raha, na mama yangu alikufa akidhani nina nyumba yenye bustani. Sikumwambia nilikuwa nalala kitanda kimoja chumba cha wanaume wanne. Nilikuwa na aibu na mimi. Hakuzikwa nayo aibu yangu, nimebaki nayo mwenyewe humu. Umesikia? Haya, nitengenezee kisanduku changu, kisha uondoke mbele yangu."

Lahbib akamtengenezea. Alimwongoza hatua kwa hatua mpaka waya ukarudi na taa ikapepesa, ikawa njano, ikawa kijani. Mara akasikia upande ule sauti ya mwanamke, kwa mbali, kama mtu aliye chumba cha pili: "Belaid? Ulikuwa wapi, mzee, kuskusi yote imepoa!" Na Belaid, yule mkali, akamjibu kwa sauti laini kabisa, "Nilikuwa naongea na mtoto mmoja, mpenzi. Kula, kula." Simu kaisahau sakafuni. Lahbib akasikiliza vijiko vyao kidogo, halafu akakata.

Ghizlane alikuwa amesimama nyuma yake. Akamwita kwenye korido.

"Julien."

"Lahbib," akasema Lahbib.

"Unajua imerekodiwa. Wenye kazi yao wakiisikia, sina la kukutetea. Umetaja mji."

"Najua." Akavua kitambulisho shingoni akampa.

Ghizlane akakigeuza mkononi, hakukitia mfukoni. Alitaka kusema jambo la kikazi, ukimwangalia unaona, akalikosa. "Mimi mama yangu yuko Settat," akasema. "Ni saa moja kwa gari. Sijamwona tangu Ramadhani, na simu yangu ni ya namba ya hapahapa." Akageuka akarudi ndani.

Chini, barabarani, Lahbib akasimama karibu na mkokoteni wa maji ya machungwa. Akatoa simu yake mwenyewe. Hii haikuwa na hila. Ikipiga, inasema ilipo. Kidole kilikataa kidogo, akakilazimisha.

"Nani?" Mimouna akasema, kwa sauti ile anayowasemea watu asiowajua. Namba ya Moroko, ngeni.

Lahbib akausogelea ukuta, akaikinga simu na kelele za magari.

"Nani wewe? Sema au ukate, nina unga mikononi." Akapiga chafya, huo unga. "Alhamdulillahi."

"Yarhamukallah, mama."

Mama akasema, taratibu: "Lahbib?"

"Ndiyo mimi."

"Lakini namba hii... hii ni ya huku." Na hapo sauti ikamruka. "Umeshuka! Ee Mola wangu, umeshuka! Uko uwanja wa ndege! Ulitaka kunishtua, mshenzi mkubwa! Uko Casablanca?"

"Niko Casablanca, mama."

"Umeshuka saa ngapi?"

Haya, tazama mtihani ulivyokuja. Mlango uko wazi, na mama mwenyewe ndiye aliyemfungulia. Aseme tu "sasa hivi, mama," anunue chokoleti zake Derb Ghallef, na kesho anabebwa mabegani. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Akamkumbuka yule mzee na aibu yake chumbani.

"Sikushuka, mama. Sikupanda. Boti haikuja. Sijawahi kufika."

"Hujafika wapi?"

"Ufaransa. Niko hapa Casablanca tangu siku ile. Ile namba ilikuwa ya kazini, kompyuta ndiyo inayoitoa. Nilitaka kukwambia, ukapiga vigelegele."

Muuza machungwa alikuwa anakata, anakamua, anakata.

"Na mvua?" Mimouna akauliza mwisho. "Ile mvua uliyokuwa ukinitajia?"

"Nilikuwa naisoma kwenye kompyuta."

"Nilikuwa nakuamkia usiku kukuombea baridi ikupungukie." Sauti ilikuwa nyembamba. "Nilikufumia sweta mbili, hazikuwa na wa kuzipeleka. Idi tatu, Lahbib. Na wewe uko hapo, safari ya siku moja."

"Mama..."

Simu ikakatika. Alipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Usiku ule hakulala, na asubuhi akapanda treni, begi moja, hana chokoleti wala manukato. Njia nzima alijaribu maneno ya kumwambia, na yote yalikuwa na harufu ya Julien. Mlango ukifungwa usoni kwake, akawaza, atakuwa na haki. Atalala kituoni. Lakini lazima auone huo mlango, hata ukiwa umefungwa.

Jerada akafika magharibi, wanaume wanatoka msikitini, wanawake wanarudi kutoka kwenye tanuri na mikate yao. Vile vilima vyeusi vya mgodi viko palepale. Akavuta kofia ya jelaba, joho lake refu, mpaka puani, akapita ukutani ukutani, asije mtu akamtambua na kumwaibisha mama yake mbele ya watu. Alikuwa ameazimia kuingilia nyuma, uani, kwa siri.

Mimouna alikuwa amekaa mlangoni. Kaweka kigoda nje kabisa, njiani, mahali ambapo hakai mtu ila anayetaka kuonekana. Kondoo kafungwa pembeni. Alipouona mwendo ule, mwendo wa marehemu mumewe, akanyanyuka. Hakukimbia. Akaja taratibu mpaka mbele yake, akaishika ile kofia, akaifunua. Akamtazama uso, akampapasa mashavu kwa mikono yote miwili, kidevu, masikio, kama anayehakikisha hakuna kilichopungua.

"Umekonda," akasema.

Lahbib akaanza kulia, mtu mzima yule, hadharani.

"Heee!" Khadouj huyo, sinia yake kichwani, na nyuma yake kundi zima la tanurini. "Si Lahbib huyu? Karibu kutoka Ufaransa, mwanangu! Haya tuambie, umetuletea nini?"

Mtaa ukasogea kusikiliza. Wanaume waliokuwa wanapita wakasimama. Lahbib akajipangusa macho, akafungua mdomo aseme mwenyewe, lakini mama yake alimtangulia. Alimshika sikio, kwa nguvu, akageuka akawatazama wote, Khadouj wa kwanza.

"Ufaransa gani?" akasema Mimouna kwa sauti ya kufika mpaka msikitini. "Katoka Casablanca! Miaka yote mitatu alikuwa Casablanca, mwongo mkubwa huyu, na mimi nawatangazia thelathini na tatu! Haya chekeni. Chekeni basi! Mwanangu amefika!"

Akapiga vigelegele, peke yake, sauti inapasuka katikati na yeye anaendelea, vilevile vya siku ile ya kwanza. Ila safari hii mkononi hakuwa na simu. Alikuwa na sikio la mwanawe, na hakuliachia mpaka walipoingia ndani.